Neno lililokuwa kwenye risiti

Mama mdogo wangu anauza simu hapa Lubumbashi. Mwaka jana alirudi kutoka China na katoni moja, na miezi miwili haijaisha wateja wakaanza kuzirudisha: betri hazikai na chaji. Akaniletea risiti. "Weye njo unasomaka malugha," akasema, "soma basi hii." Sikuweza. Niliizungusha kitivoni, na hakuna aliyeweza. Aliyetusomea ni fundi mmoja Mchina wa migodini. Kulikuwa na maandishi mawili, *fanxin*, maana yake kitu kilichotumika kikatengenezwa kionekane kipya. Muuzaji hakuwa amemficha. Alikuwa amemwandikia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba katika masoko ya Asia kikokotoo kinatosha. Ni kweli, huko Huaqiangbei, soko kubwa la elektroniki mjini Shenzhen, mnunuzi na muuzaji wanaweza kupeana kikokotoo mpaka wakubaliane bila kutamka neno. Lakini bei ndiyo sehemu rahisi. Wachina wenyewe, kabla ya kuuliza bei, huuliza ni mali gani. *Hanghuo* ni ile iliyopita njia rasmi. *Shuihuo*, neno kwa neno "mali ya maji", ni ile iliyoingia kwa njia za pembeni. *Gaofang* ni kopi iliyoigwa vizuri. Sisi tunaingia na maneno mawili tu, "original" na "kopi", halafu tunashangaa.

Akihabara, mjini Tokyo, mambo ni tofauti. Bei imebandikwa na kwa kawaida haipunguzwi sana. Kinachonivutia ni vibandiko vya vitu vilivyotumika: kioo kina mikwaruzo, chaja haipo, hakijajaribiwa. Kuna hata vikapu vya *janku*, neno walilolichukua kutoka Kiingereza, na kila Mjapani anajua kwamba cha kikapu hicho hakina garanti wala hakirudishwi. Huo ni uungwana mkubwa, ila kwa anayesoma Kijapani. Mgeni anaweza kutoka na kamera nzuri iliyotengenezwa kwa soko la ndani, akagundua hotelini kwamba menyu yake ni ya Kijapani tu. Au anunue kifaa cha volti 100 na kukichomeka hapa kwetu kwenye volti 220. (Moshi hauhitaji mkalimani.)

Mtu atasema: basi tununue mahali wanapoongea lugha tunayoijua. Singapore, Kiingereza ni mojawapo ya lugha nne rasmi. Hata hivyo, Novemba 2014, mtalii kutoka Vietnam alinunua simu katika jengo la Sim Lim Square kwa dola 950 za Singapore, akatia saini karatasi ya Kiingereza ambayo hakuielewa vizuri, kisha akadaiwa dola 1,500 zaidi za garanti. Video yake akipiga magoti na kulia dukani ilienea dunia nzima. Mwaka 2015 mwenye duka alihukumiwa kifungo cha miezi 33 kwa kuwadanganya wateja kadhaa. Kujua kuagiza na kusalimia kwa Kiingereza hakukumsaidia yule mtalii, kwa sababu mtego ulikuwa ndani ya karatasi.

Sasa nirudi kwetu. Katika kitivo hiki tunafundishwa kutafsiri mashairi na hotuba, na mimi nayapenda mashairi. Lakini sijawahi kupewa risiti, cheti cha garanti wala kibandiko cha bidhaa kama zoezi la tafsiri. Wafanyabiashara wa mji huu wanasafiri hadi Guangzhou na Dubai kila mwaka, wengi wao ni mama zetu, na akiba ya familia nzima imo ndani ya zile karatasi. Walimu wetu watasema hizo si fasihi. Sawa. Ila kupata Kiswahili kimoja chenye kutofautisha *fanxin*, *shuihuo* na *gaofang*, ambacho mchuuzi atakikumbuka akiwa amesimama mbele ya meza ya muuzaji, ni kazi ngumu ya istilahi, na sijui ni nani mwingine angeifanya.

Mama mdogo anaondoka tena mwezi ujao. Ameniomba orodha kwenye karatasi ndogo, inayoingia kwenye pasipoti. Nimefikisha maneno kumi na moja. Kwa *fanxin* nimeandika "ya zamani iliyopakwa", na yeye ameshaikataa: anasema wateja wake watafikiri ni rangi.