Walimu tarajali wapewe sauti makongamanoni

Makongamano ya elimu yameongezeka humu nchini tangu mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa kote katika madarasa ya chini, mwezi Januari 2019. Wahadhiri, wachapishaji, wakuza mitaala na maafisa wa wizara hukutana wakasomeana makala, wakapigiana makofi na kupeana anwani. Sina kinyongo na jambo hilo, maadamu nami ni mmoja wao. Hata hivyo, lipo kundi ambalo huwamo ukumbini tangu alfajiri hadi magharibi bila ya kuhesabiwa miongoni mwa waliohudhuria. Nalo ni kundi la walimu tarajali.

Vijana hawa ndio huandikisha wageni mlangoni, hugawa mikoba na maji ya chupa, na hukimbia na kipaza sauti kutoka safu hadi safu ili wakubwa waulize maswali. Kipaza sauti hicho hupita mikononi mwao siku nzima, lakini ni nadra kifike vinywani mwao.

Katika kongamano moja nililohudhuria hivi majuzi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alithubutu. Alikuwa ametoka katika mazoezi ya kufundisha muhula uliotangulia, katika shule ya kutwa yenye madarasa yaliyofurika. Aliuliza hivi: "Katika isimu tulifunzwa kwamba umilisi ni maarifa ya lugha yaliyofichika akilini mwa mzungumzaji, na kwamba tunachokiona na kukisikia ni utendaji tu. Shuleni nilipewa fomu nionyeshe iwapo umilisi wa mwanafunzi umezidisha matarajio, umeyafikia, umeyakaribia au uko mbali nayo. Nitakipimaje nisichokiona?"

Mwenyekiti alimshukuru kwa tabasamu, akasema kwamba maswali ya wanafunzi yatajibiwa wakati wa chai. Wengine wakacheka. Nilinyoosha mkono kuomba swali hilo lijibiwe papo hapo, nikaarifiwa kwamba muda umekwisha. Chai ilinywewa na jibu halikutoka.

Naomba wasomaji waniwie radhi nikidumu kidogo kwenye swali hilo, kwa kuwa si la kitoto hata chembe. Mwanaisimu Noam Chomsky ndiye aliyetenga dhana hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 1965, na wanaisimu wa Kiswahili wakazipa majina ya umilisi na utendaji. Kwa Chomsky, umilisi hauwezi kuwekewa alama na mwalimu, kwani kila mzawa wa lugha anao. Baadaye Dell Hymes alimpinga, akasema kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua lini useme, useme nini, na umwambie nani. Umilisi wa aina hiyo huonekana katika matendo. Mtoto anayemwamkia mzee kwa "shikamoo" na mwenzake kwa "mambo" ameudhihirisha mbele ya macho ya mwalimu.

Ni bayana kwamba mtaala wetu unaegemea upande wa Hymes, na zaidi ya hapo upande wa wale wanaopima ujuzi wa kutenda kazi. Lakini neno tulilolichagua tayari lilikuwa na maana nyingine katika mihadhara ya isimu, na hatukumwambia mwalimu tarajali kwamba sasa limebadilishiwa kazi. Wenzetu wa Tanzania hutumia "umahiri" katika mitaala yao, neno ambalo hata seremala na dereva wanalielewa. Sisemi tuwaige. Nasema kwamba hili ni jambo la kujadiliwa na wataalamu waliokusanyika kwa ajili hiyo hasa, na aliyelileta mezani alielekezwa kwenye birika.

Athari zake haziishii ukumbini. Watahiniwa wa kwanza wa gredi ya tisa walipofanya mtihani wao mwaka 2025, tathmini za shuleni zilitengewa asilimia 20 ya alama za kuamua watakakoendelea katika shule za upili. Mwalimu asiyejua anachokipima atajaza fomu kwa kukisia, au atawapa wote "kufikia matarajio" ili asisumbuliwe. Mtoto wa mkulima ndiye atakayelipa gharama ya kisio hilo.

Nimesikia waandalizi wakijitetea kwamba wanafunzi hawajafanya utafiti, na kwamba ratiba haina nafasi. Kuhusu ratiba, tupunguze hotuba za ufunguzi, ambazo aghalabu huwa nne au tano na zote hutoa shukrani zile zile. Kuhusu utafiti, muhula mzima mbele ya ubao ni utafiti wa namna yake. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi wetu tunaosoma makala kuhusu ufundishaji wa gredi za chini hatujaingia humo tangu tulipokuwa wanafunzi wenyewe. Huyu mwalimu tarajali ametoka humo juzi, vumbi la chaki lingali kwenye mikono ya koti lake.

Aidha, kuna suala la ada. Kiasi anachotozwa mshiriki ni kikubwa mno kwa kijana anayeishi kwa mkopo wa serikali, na ndiyo maana wengi hukubali kazi ya kugawa mikoba ili waingie bure. Idara za elimu zingeweza kuwalipia wachache kila mwaka, wapewe kikao kamili asubuhi ya siku ya kwanza, wakati watu hawajachoka. Waeleze waliyokumbana nayo madarasani, na majibu ya wataalamu yachapishwe pamoja na makala nyingine.

Waandalizi wakikosa mada ya kuanzia, wanalo swali la umilisi. Mwenye kuliuliza bado yupo chuoni, na anatarajia kuhitimu mwaka ujao.