Mwenye Hoteli na Mgeni Aliyekataliwa

Katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia huko Marekani, palikuwa na hoteli ya wasafiri wa magari iliyoitwa Heart of Atlanta. Ilikuwa na vyumba 216. Mwenyewe, Moreton Rolleston, aliyekuwa pia wakili, aliitangaza katika magazeti ya nchi nzima na kwa mabango zaidi ya 50 kando ya barabara, hata robo tatu hivi ya wageni wake walitoka nje ya jimbo. Lakini mtu mweusi hakupewa chumba.

Tarehe 2 Julai, 1964, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia. Sehemu yake moja yakataza hoteli, mikahawa na sinema kumkataa mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa lake. Rolleston aliishitaki Serikali, naye akasimama mwenyewe kujitetea mbele ya Mahakama ya Juu.

Hoja zake si za kupuuzwa. Mkulima aliyejenga duka kwa fedha za kahawa yake atamwelewa mtu asemaye: mali hii ni yangu, basi nani aniamrishe nimwuzie fulani? Rolleston alidai kwamba sheria ilimnyang'anya uhuru wa kuendesha biashara yake. Tena akaongeza kwamba kulazimishwa kumhudumia asiyemtaka ni utumwa, nao utumwa umekatazwa na Katiba. Hoja hii ya mwisho yafaa kusomwa mara mbili, maana kifungu alichokitaja kiliwekwa mwaka 1865 ili kuwafungua mababu wa watu wale wale aliowafungia mlango.

Walakini uhuru huo uliodaiwa ulikuwa wa namna gani? Katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, sheria ya mji ilimkataza mwenye mkahawa kuwalisha weupe na weusi katika chumba kimoja, isipokuwa pawe na ukuta imara wa futi 7 kati yao na kila upande uwe na mlango wake wa njiani. Hata mwenye mkahawa aliyependa kuwakaribisha wote hakuruhusiwa. Wakati huo hawakusikika wengi wakilia kwamba Serikali imeingilia mali ya mtu. Na sheria ya kale ya Uingereza, iliyorithiwa na Marekani, ilimpasa mwenye nyumba ya wageni ampokee msafiri yeyote mwenye adabu na fedha, kama nafasi ipo.

Tarehe 14 Desemba, 1964, majaji wote 9 walimkatalia Rolleston. Sababu yao itawashangaza wengi: ilikuwa biashara. Katiba yalipa Bunge la Marekani mamlaka juu ya biashara ipitayo kutoka jimbo hadi jimbo, na msafiri asiyejua atalala wapi hawezi kusafiri. Watu weusi walikuwa wakichukua kitabu maalumu cha kuwaonyesha nyumba zitakazowapokea. Siku hiyo hiyo mkahawa wa Ollie's wa Birmingham nao ulishindwa. Theluthi mbili za wafanyakazi wake walikuwa weusi, lakini mnunuzi mweusi alipewa chakula cha kwenda nacho tu, asikae mezani. Uliangukia nyama: karibu nusu ya vyakula ulivyonunua kwa mwaka, vya thamani ya dola 150,000 hivi, ilikuwa nyama iliyotoka nje ya Alabama.

Ni njia ya kuzunguka sana, kupima heshima ya mtu kwa ratili za nyama. Jaji Goldberg aliandika kwamba shabaha ya kwanza ya sheria ile ni utu wa binadamu, na Jaji Douglas angependa hukumu isimame juu ya haki ya kila raia.

Hata hivyo sheria haikuingia kila mlango. Klabu ya faragha iliachwa. Kadhalika mjane apangishaye vyumba visivyozidi 5 katika nyumba anamoishi mwenyewe aliachwa achague wageni wake, kwa kuwa hapo mgeni huingia karibu na kitanda na meko ya mwenyeji. Rolleston hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliwaita wapita njia wa nchi nzima kwa mabango, kisha akawachagua mlangoni.