Acheni Kumhurumia Kaggia

Siku ya Mashujaa ikikaribia, picha za Bildad Kaggia huanza kuzunguka kwenye simu zetu. Mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alikamatwa Oktoba 1952, baadaye akaishi kwa kuendesha poshomili huku wenzake wakihesabu ekari. Tunalaiki, tunaandika "shujaa aliyesahaulika", tunaendelea na maisha.

Mimi hiyo huruma siitaki. Inarudia tu swali alilorushiwa Kandara, Aprili 1965. Jomo Kenyatta alisimama mbele ya watu waliompigia Kaggia kura, akawataja wafungwa wenzao mmoja mmoja. Ngei amepanda kahawa. Kubai ana nyumba kubwa na shamba. Kungu Karumba ana mabasi. Na wewe Kaggia, umejifanyia nini?

Angalieni ujanja uliokuwemo. Mwaka uliotangulia, Kaggia alitoka serikalini, alikokuwa naibu wa waziri katika Elimu, kwa sababu ya ardhi. Hoja yake ilikuwa rahisi: mlowezi alichukua shamba, watu wakaingia msituni, wengine jela, halafu uhuru ukija waambiwe walinunue kwa mkopo? Maana ndivyo ilivyokuwa. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, walowezi walilipwa kwa pesa zilizokopwa nje, Uingereza ikiwa mbele, na mkulima Mwafrika akapewa kipande chake pamoja na deni la kukilipia. Kaggia alitaka wasio na ardhi wapewe bure.

Ungeweza kumpinga kwa hesabu. Ungeweza kumwambia hazina haina kitu. Badala yake akaulizwa kwake kuna nini, na mjadala wa mashamba ya watu ukageuzwa kuwa mjadala wa shamba lake. Hapo hata sisi mashabiki wake bado tumekwama, ati "maskini, hakupata chochote".

Huyu hakuwa mtawa. Alikuwa mtu wa mshahara: karani katika ofisi ya DC kule Murang'a, askari kwenye vita vya pili vya dunia, karani tena benki Nairobi, kisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mtu aliyepita huko anajua umaskini hauna utakatifu wowote. Hakutaka viongozi wawe maskini, alitaka wapiga kura wake wawe na mahali pa kulima, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwaka 1966 alimfuata Oginga Odinga kwenye KPU. Katiba ikabadilishwa chap chap ili kila mbunge aliyehama arudi kwa wapiga kura, na Kandara wakamwacha. Mwaka 1968 akafungwa kwa mkutano usio na kibali, safari hii na serikali ileile aliyofungwa na Mwingereza ili ipatikane. Mwaka 1969 akarudi KANU, baadaye akapewa cheo katika bodi ya pamba. Wanaomchora kama malaika huruka hapo. Sioni sababu ya kuruka. Mtu huchoka, na tumbo ni tumbo. Ila kuchoka kwake hakukuijibu ile hoja ya mikopo.

Sasa tazama tulivyokuja kuwa. Mwaka 2022 wilbaro ilikuwa alama ya chama, na hadithi ya kuuza kuku kando ya barabara ikawa wasifu wa kuombea kazi Ikulu. Tulipenda, bana. Mtu ametoka chini kama sisi! Tulishughulika sana na alikotoka, tukasahau kuuliza akifika atakaa na nani. Kutoka chini siku hizi ni bidhaa, na inauzwa na watu wanaoshuka kutoka kwa chopa. Kaggia naye alitoka chini, lakini kilichomtoa serikalini ni jambo ambalo ungeweza kulipima: nani apate ardhi, na nani alipe.

Na hilo jambo halijazeeka. Hapohapo Kandara wakazi wamevutana na Del Monte kwa miaka mingi juu ya mashamba ya mananasi, mpaka kwenye tume ya ardhi na mahakamani. Mwaka 2027 wagombea watapita barabara hiyo wakitusimulia walivyosoma bila viatu. Mwacheni mheshimiwa amalize ya viatu, kisha mwonyesheni mananasi.