Historia wanayosoma watoto wetu: tuulize imepokewa kwa nani

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata uongofu wake.

Ndugu Waislamu, mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelifanya somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuwa la lazima kwa wanafunzi wa nchi yetu. Hilo ni jambo la kheri, kwani umma usioijua jana yake huijenga kesho yake juu ya mchanga. Kitabu cha kiada hatukichagui sisi. Lakini vitabu vya ziada vinavyowekwa katika maktaba za shule zetu, seminari zetu na madrasa zetu huchaguliwa na sisi wenyewe, na aghalabu hununuliwa kwa sadaka za Waislamu. Hapo dhima haina wa kutupiwa ila sisi.

Swali letu la leo ni moja: tunavichagua kwa mizani gani? Mara nyingi tunatazama bei, uzuri wa jalada na jina la mwandishi. Likiwa jina la Kiislamu tunaridhika, na likiwa si la Kiislamu tunatia shaka. Mizani hiyo haitoshi, na wala siyo tuliyorithishwa na wanazuoni wetu.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (SW) ametuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kutokana na mafundisho ya namna hii wanazuoni wa Hadithi wakajenga elimu ya isnadi: nani kasimulia, kapokea kwa nani, je walikutana, na kumbukumbu yake ilikuwaje? Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanahistoria waliopokea bila kupima habari kwamba jeshi la Nabii Musa (AS) lilikuwa na watu 600,000. Yeye aliuliza jeshi la namna hiyo lingewezaje kupangwa na kupigana katika uwanja mmoja. Waliolaumiwa walikuwa Waislamu wenziwe, na baadhi yao ni watu wa heshima kubwa.

Basi sharti la kwanza la kitabu cha historia cha mtoto ni kumwonyesha msomaji habari imetoka wapi. Tuchukue mfano wa Kilwa. Vitabu vingi huandika kwamba Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Ni kweli. Lakini kitabu bora humweleza mtoto pia kwamba habari za safari hizo zilisimuliwa na msafiri baada ya kurejea kwao, zikaandikwa na Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka ishirini baadaye. Humweleza pia kwamba msafiri alizitaja nyumba za Kilwa kuwa ni za miti, ilhali magofu ya Msikiti Mkuu na ya kasri la Husuni Kubwa yamesimama hadi leo kwa mawe ya matumbawe. Je, msafiri alisahau? Au alizungumzia nyumba za watu wa kawaida? Mtoto akiachiwa swali hilo huwa ameanza kufikiri kama mwanahistoria. Akipewa sifa tupu, huwa amekariri tu.

Sharti la pili ni uadilifu, na hapa ndipo penye mtihani wetu. Wengi wetu tunakumbuka ile picha ya darasani: mtu mwenye kanzu na kilemba, mkononi ameshika mjeledi, na mbele yake safu ya watu waliofungwa minyororo. Mtoto wa Kiislamu hurejea nyumbani akiwa ameinamisha kichwa, akiuliza kama dini yake ndiyo iliyofanya hayo. Kwa uchungu huo baadhi yetu hutafuta kitabu kisichoitaja kabisa biashara ya utumwa, au kinachodai kwamba hapakuwa na Mwislamu aliyehusika.

Tunasema wazi kwamba hiyo si dawa. Misafara iliongozwa na watu wa pwani na wa bara, na Waislamu wakiwemo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maandishi hayo yapo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sayyid Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza. Mtoto atakayefichwa hayo nyumbani atayakuta kwingine, na siku hiyo hataamini tena lolote tulilomwambia, hata lile la kweli.

Lakini uadilifu huo huo unadai kwamba habari isikatwe nusu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, wakati ambapo mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi yalikuwa na njaa ya watu wa kuyalima. Kitabu kinachomtaja muuzaji kikamnyamazia mnunuzi hakijasema kweli yote. Vilevile mtoto aelezwe tofauti baina ya dini na matendo ya wenye dini. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume (SAW) ametufikishia kwamba Allah (SW) mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiama, wa mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Mwenye kuijua hadithi hiyo hahitaji kuwatetea wafanyabiashara wale kwa sababu tu walikuwa wakiswali. Suratun Nisaa, aya ya 135, imetutaka tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu.

Sharti la tatu ni picha. Mtoto huiamini picha kabla ya maneno. Kitabu kieleze ipi ni picha iliyopigwa kwa kamera, ipi ni mchoro wa mtu aliyeshuhudia, na ipi imebuniwa na mchoraji wa leo aliyeketi ofisini. Kikikaa kimya, mwalimu aseme.

Tunawanasihi walimu wasiweke kitabu mbele ya wanafunzi kabla ya kukisoma chote, na wasitegemee kitabu kimoja kwa jambo lenye mzozo. Wawape watoto viwili, wavilinganishe. Wafadhili wanaotoa sadaka ya vitabu wawashirikishe walimu wa historia kabla ya kununua, kwani nia njema bila elimu imekwisha kujaza makabati vitabu visivyofaa. Na wazazi, mtoto akirejea na swali zito tusimkemee. Tuketi naye, tusome naye.

Ukweli haujawahi kuudhuru Uislamu. Kinachotudhuru ni kizazi kitakachogundua kwamba wazee wake walikiogopa kitabu.

Tunamuomba Allah (SW) atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.

Wallahu A'lam.