Daftari la Wiki: Kibonde Aliyebeba Kombe

Kibonde

Kila ligi ina kibonde wake, timu ambayo wapinzani wakiiona kwenye ratiba wanahesabu pointi kabla hawajapanda basi. Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kibonde wa miaka nenda rudi alikuwa Chuo Kikuu cha Indiana. Msimu wa 2024 ulipoanza, hakukuwa na chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kukizidi. Ubingwa wake wa mwisho wa ligi ya Big Ten, tena wa kugawana na wenzake, ulikuwa wa 1967. Mji wake, Bloomington, ni mji wa kikapu: makombe matano ya taifa, matatu kati ya hayo chini ya kocha Bob Knight. Futiboli ilikuwa ya kupotezea muda watu wakisubiri msimu wa kikapu.

Tarehe 19 Januari 2026, kibonde huyo alitwaa ubingwa wa taifa. Mechi 16, ushindi 16. Kocha mpya alikuwa amekaa misimu miwili tu. Wiki hii nimeitazama tena fainali ile, na yaliyobaki kichwani nimeyamwaga hapa.

Si bonanza

Kwa msomaji anayedhani tunazungumzia michezo ya wanafunzi ya Jumamosi: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala mkuu wa chuo. Ni kocha. Ndiyo maana kocha akifungwa mfululizo, wanaoitisha kikao ni mkuu wa chuo na matajiri waliosoma pale.

Picha ya 7–6

Mwaka 1976 Indiana ilitangulia kwa pointi 7–6 mbele ya Ohio State, mbabe wa Big Ten. Kocha Lee Corso akaomba mchezo usimame, akawapanga vijana wake, wakapigwa picha ubao wa matokeo ukionekana nyuma yao. Kisha mchezo ukaendelea. Wakafungwa 47–7.

Corso alikuwa mcheshi, na baadaye ucheshi huo ulimpa miongo mingi ya kazi kwenye televisheni. Lakini picha ile ina uchungu wake. Timu iliyozoea vipigo hujifunza kusherehekea dakika, kwa kuwa mechi imeshaikatia tamaa. Kocha anayeingia mahali kama hapo anakuta hata walio hodari wameshajifunza kuridhika na kidogo.

Mtazameni sasa Curt Cignetti, kocha wa leo wa Indiana. Timu yake inaweza kuongoza kwa pointi thelathini na yeye amesimama pembeni amekunja uso kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Washabiki wa Bloomington wamekwishaipenda sura hiyo. Mimi naisoma kama jibu kwa picha ya Corso.

Aliyeshuka ili apande

Cignetti hakuwa jina la mabango. Baba yake, Frank, alikuwa kocha wa West Virginia hadi kibarua kikaota nyasi, akaenda kujijenga upya kwenye chuo kidogo cha jimbo la Pennsylvania. Mtoto naye alikaa benchi za wengine kama msaidizi kwa zaidi ya miaka 25, akaishia kwa kocha Nick Saban pale Alabama, 2007 hadi 2010. Wengi wangetulia hapo wakisubiri simu ya chuo kikubwa. Yeye mwaka 2011, akikaribia umri wa miaka 50, alikubali mshahara mdogo ili awe kocha mkuu wa chuo kilekile kidogo cha baba yake, daraja la pili.

Kutoka hapo alipanda ngazi moja moja. Chuo cha Elon kilishinda mechi 2 mwaka 2016. Mwaka uliofuata, chini yake, kilishinda 8. Chuo cha James Madison, 2019 hadi 2023: ushindi 52, vipigo 9. Alipotua Indiana mwishoni mwa 2023, timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 9. Akaulizwa atawashawishi vipi wachezaji waje mahali kama pale. Jibu lake lilikuwa la maneno machache: yeye anashinda, anayetaka ushahidi amtafute Google. Watu walicheka. Waliokwenda kumtafuta waliacha kucheka.

Sheria zilivyogeuka

Miujiza ya Indiana ina maelezo, na sehemu kubwa iko kwenye kanuni. Zamani mchezaji akihama chuo alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2018 likaanzishwa daftari la mtandaoni la wanaotaka kuhama. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje. Mwaka 2024 kikomo hicho nacho kikaondolewa kwa wanaofanya vizuri darasani. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuvuna fedha kwa majina na sura zao. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza ukomo uliwekwa kwenye dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja.

Kwa lugha ya vijiweni: dirisha la usajili limefunguliwa, na kila mchezaji anakaribia kuwa mchezaji huru kila mwaka. Kocha mpya hana tena sababu ya kuomba miaka mitano ya kulea vijana wa sekondari. Cignetti alikuja na wachezaji 13 kutoka James Madison, watu aliokwishawaona wakicheza. Kanuni yake ni kuangalia mtu amefanya nini uwanjani, na ahadi za kipaji zije baadaye.

Masanduku ya Colorado

Dirisha lilelile lilikuwa wazi kwa kocha Deion Sanders alipokwenda Colorado mwishoni mwa 2022. Alikuta timu ya ushindi mmoja na vipigo 11. Kikao cha kwanza tu aliwaambia aliowakuta kwamba anakuja na masanduku yake ya Louis Vuitton, na kwamba wajiandikishe kuhama. Wakahama makumi kwa makumi.

Msimu wa kwanza: 4–8. Wa pili: 9–4, na mchezaji wake Travis Hunter akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Wa tatu, baada ya Hunter na Shedeur, mwanawe Sanders, kwenda kwenye ligi ya kulipwa: 3–9. Kocha aliyejenga juu ya mabega ya watu wawili alijikuta pale pale alipoanzia, mara walipoondoka.

Mpira mmoja uliobutuliwa

Narudi kwenye fainali. Ilichezwa nyumbani kwa wapinzani, Chuo Kikuu cha Miami. Robo ya tatu, Indiana 10, Miami 7. Miami wamekwama ndani ya nusu yao, wanataka kuubutua mpira uende mbali. Mikail Kamara anapenya kutoka pembeni, ananyoosha mikono, mpira unamgonga, unarudi nyuma na kudunda. Isaiah Jones anaurukia ndani ya eneo la mwisho. Pointi sita, na moja ya nyongeza.

Kamara ni mmoja wa wale 13 wa James Madison. Jones alikuwepo Indiana tangu enzi za kocha aliyefukuzwa, Tom Allen.

Robo ya nne, Indiana wanaongoza 17–14, mpira uko yadi 12 kutoka mwisho wa uwanja na imebaki nafasi moja ya kusogea. Cignetti anatuma wapigaji wachukue pointi tatu za uhakika, kisha anabadili mawazo, anasimamisha mchezo, anamrudisha Fernando Mendoza. Mendoza, mrushaji wa pasi na mshindi wa Heisman aliyehamia kutoka California, anakimbia mwenyewe katikati ya walinzi, anapigwa, anazungushwa, anajirusha mbele. 24–14.

Na mwisho kabisa, 27–21, Miami wakiwa na chini ya dakika moja na mpira wa kupindua matokeo, pasi yao ya mwisho inanaswa na Jamari Sharpe. Sharpe ni mtoto wa jiji la Miami. Naye ni wa kikosi alichokiacha Allen.

Wanaosema Cignetti alinunua timu wayaweke matukio haya mezani. Waliomwona akisaka wachezaji wa vyuo vingine hawakumwona siku alipokaa kutazama mikanda ya timu iliyoshinda mechi 3 na kuamua nani hatemwi. Kumtambua mzuri kwenye timu nzuri si kazi ngumu. Kumtambua mzuri ndani ya timu mbovu, ambako hata yeye anaonekana mbovu, ndiyo kazi ya mjenzi. Sanders hakujipa nafasi hiyo.

Mzee wa Kansas

Vijana wanaodhani ukarabati ulianza juzi wamsome kocha Bill Snyder. Alipokabidhiwa Kansas State mwishoni mwa 1988, chuo kilikuwa hakijashinda mechi 27 mfululizo, na baadaye jarida la Sports Illustrated likakiandika kama mfano wa kushindwa kwa taifa zima. Septemba 1989 wakaifunga North Texas 20–17 kwa pasi ya mwisho wa mchezo. Ulikuwa ushindi wao pekee msimu ule. Mwaka uliofuata mechi 5, kisha 7. Kufikia 1998 walimaliza ratiba ya kawaida bila kufungwa. Miaka kumi.

Snyder hakuwa malaika wa subira peke yake. Alisaka wachezaji kwenye vyuo vya miaka miwili, dirisha dogo la usajili la enzi zake. Michael Bishop, kinara wa kikosi cha 1998, alitokea huko. Pia alijaza mwanzo wa ratiba na timu dhaifu ili vijana waonje ushindi. Alisemwa sana. Cignetti naye alisemwa mwaka 2024, aliposhinda 11 na kufungwa mara mbili tu, na Ohio State na Notre Dame. Lawama ile ilikufa Desemba 2025, Indiana ilipoifunga Ohio State 13–10 kwenye fainali ya Big Ten. Walikuwa hawajaifunga tangu 1988.

Anayelipa bili

Kumwondoa Allen kuliigharimu Indiana dola milioni 15.5 za kuvunja mkataba. Cignetti alianza kwa takriban milioni 4 kwa mwaka. Kufikia Oktoba 2025 alikuwa na mkataba wa miaka minane wa takriban milioni 93. Kuna mtu aliidhinisha hizo hundi: mkurugenzi wa michezo Scott Dolson na mkuu wa chuo Pamela Whitten. Kule Kansas State alikuwa rais wa chuo, Jon Wefald. Kocha huandikwa kwenye mabango, lakini nyuma ya kila ukarabati yupo bosi aliyeacha kuona aibu ya kutumia fedha kwa kibonde. Kama hizo ni fedha za kutumia katika chuo, hilo ni swali halali, na kombe halijalijibu.

Kwa ufupi

Bill Belichick, mwenye makombe sita ya ligi ya kulipwa kama kocha mkuu, alianza North Carolina mwaka 2025. Mechi ya kwanza 14–48 mbele ya TCU, msimu mzima 4–8. Jina kubwa halichezi.

James Madison walipoporwa kocha na wachezaji 13, wengi waliwaandalia matanga. Wakamchukua kocha Bob Chesney, wakashinda 9 mwaka 2024, na 2025 wakaingia mchujo wa taifa. Naye UCLA wakamnyakua.

Januari

Mendoza ameshaaga. Mwaka 2024 mrushaji wa Indiana alitoka Chuo Kikuu cha Ohio (si Ohio State), 2025 akatoka California, na kwa 2026 wamemfuata Josh Hoover wa TCU. Mrushaji wa tatu, misimu mitatu. Snyder akishajenga msingi aliujengea juu mwaka baada ya mwaka. Cignetti analazimika kuanza upya kila Januari, bingwa au si bingwa, na akikosea kumchagua mmoja tu, njia ya Colorado anaijua kila mtu. Ndiyo maana hacheki.