Shingo Haina Hatia

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu, hakuna kinachosingiziwa siku hizi kama shingo. Macho yakififia hupewa miwani, meno yaking'oka hupewa ya bandia, wala hakuna ayashitakiye. Shingo peke yake, ikipata mikunjo, husimamishwa mbele ya kioo kama mtuhumiwa mbele ya hakimu, ikasomewa shitaka la uzee, ikahukumiwa bila ya kusikilizwa. Adhabu yake ni kupakwa, kuchomwa sindano, kubabuliwa kwa mwali au kupasuliwa kwa kisu. Mimi nimekusudia kuitetea. Nasema kuwa shingo ya mtu mzima haina ugonjwa. Na ya kuwa wengi katika wale wauzao dawa yake huuza aibu kwanza, kisha huuza tiba ya aibu hiyo, na aghalabu tiba yenyewe huwa ndiyo ugonjwa wa kwanza ambao shingo ile imepata kuujua.

Sisemi haya kwa kusikia. Mimi ni mzaliwa wa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mbinga mpaka ilipofanywa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Kwetu shingo ya mwanamke ni nguzo ya nyumba. Alfajiri huchukua ndoo ya maji, adhuhuri mzigo wa kuni, na jioni karai la dagaa au kapu la muhogo. Jua huishukia kutoka juu, na ziwa hulirudisha jua lile lile kutoka chini. Shingo iliyofanya kazi hiyo miaka arobaini ikakosa mikunjo ingekuwa ajabu, kama jembe lililolima miaka arobaini lisipungue makali.

Miaka michache iliyopita palikuwa na arusi nyumbani. Picha zilipigwa kwa simu, zikapita mkono kwa mkono. Ilipofika picha ya dada yangu mkubwa, mjane aliyenilea kwa biashara ya dagaa, mimi niliyesomeshwa kwa shingo ile nilisema mbele ya watu kuwa dada sasa ana shingo ya kobe. Watu walicheka. Yeye naye alicheka. Niliporudi kazini nilikuwa nimekwisha kusahau, yeye hakusahau. Mwezi haukupita akanunua gengeni kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vitu vilivyomo, akaambiwa kuwa kitarudisha shingo ya usichana. Watu huita dawa hizo mkorogo, na jina hilo ni la haki, maana hata akorogaye hajui kwa hakika alichokikoroga.

Majuma ya kwanza shingo iling'aa, na mikunjo ilionekana kama imelala. Wenzake walimsifu wakauliza duka. Mwaka wa kwanza ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa ikaonekana. Alipojaribu kuacha iliwaka kama iliyomwagiwa pilipili, akarudi kwenye kichupa. Mwaka wa pili yakazuka mabaka meusi, mfano wa masizi ya chungu. Tabibu aliyemtazama mwishowe alisema kuwa sehemu ya madhara yale itapungua na sehemu haitaondoka. Leo dada yangu hufunga kitambaa shingoni katika joto la Novemba ziwani. Nilipomwomba radhi alinijibu, "Mdogo wangu, dawa ilinichoma baadaye. Kicheko chako ndicho kilichotangulia."

Basi msomaji ajue tangu sasa kuwa mimi si hakimu katika kesi hii. Ni mmoja wa washitakiwa.

Tuitazame shingo yenyewe jinsi ilivyoumbwa. Ngozi yake ya mbele ni nyembamba kuliko ngozi nyingi za mwili, na tezi za mafuta ni chache kuliko za usoni. Kwa hiyo hukauka upesi. Chini yake umetandazwa msuli mpana mwembamba kama kitambaa, kutoka sehemu ya juu ya kifua mpaka tayani. Umri ukienda, nyuzi zinazoishikilia ngozi hupungua, mafuta ya chini yake huhama, na kingo za msuli ule hujitokeza kama kamba mbili. Jua huharakisha mambo hayo. Hakuna katika haya yote mdudu, homa wala jeraha. Ni hesabu ya siku tu, na hesabu si maradhi.

Kwa sababu si maradhi, haina dawa ya kuimaliza. Na kitu kisichokwisha ni mali nono kwa mfanya biashara. Katika nchi za matajiri shingo imekuwa shamba la kuvunwa kila msimu. Hudungwa sumu ya botulini ili kamba zile zilegee. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu matumizi hayo mwaka 2024, na nguvu yake huisha baada ya miezi michache, ikabidi kulipa tena. Huchomwa miali ili ngozi ijikaze. Hukatwa nyuma ya masikio, ikavutwa, ikashonwa. Hata wenye akili na sifa hawakuokoka na huzuni hii: mwaka 2006 Nora Ephron, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe ni masikitiko juu ya shingo yake. Aliandika kwa mzaha. Lakini mzaha hupata wasomaji wengi pale tu unapogusa kidonda.

Pengine msomaji atauliza, kisu cha Marekani kina uhusiano gani na kijiji cha wavuvi? Uhusiano upo, nao ni mwembamba kama waya. Aibu husafiri bure; tiba ndiyo husafiri kwa nauli. Picha za shingo zilizonyoshwa hufika Chiwanda kwa simu, katika dakika moja. Daktari aliyezinyosha hafiki, chumba chake kisafi hakifiki, wala bima yake haifiki. Penye pengo hilo ndipo mwenye mkorogo huingia na kapu lake. Tajiri hununua tiba ghali ya aibu, na maskini huuziwa sumu rahisi kwa aibu ile ile. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami sijaona bidhaa ijitembezayo kwa miguu mingi kama hii.

Na sumu hii si ngeni, hata tuseme hatukuonywa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza habari za wagonjwa wazima wa figo, wakaonyesha kuwa yapata nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake wa Pretoria walieleza jinsi ngozi za wanawake zilivyogeuka rangi ya weusi na buluu, na kuota vipele vigumu, kwa mafuta yenye haidrokwinoni; hata Afrika Kusini ikayapiga marufuku mwaka 1990. Dawa ya tatu ni ya jamii ya steroidi, mathalan klobetasoli, ambayo ni njema mkononi mwa tabibu kwa ugonjwa wa ngozi na kwa siku chache, lakini ikipakwa kila siku huila ngozi. Fikiri dhihaka iliyoje: mtu aliyeogopa ngozi kukonda shingoni anauziwa dawa ya kuikondesha. Mng'ao wa majuma ya kwanza ndio chambo. Ndoana huja baadaye.

Serikali haikukaa kimya. Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003. Na mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimekatazwa. Lakini sheria iliyo kitabuni haina miguu, na kichupa kina miguu mingi: huvuka mipaka usiku ndani ya begi, hushuka na basi kutoka Songea, hupanda boti. Mwanamke asiyesoma orodha ya vitu kwa sababu orodha haipo, sheria itamsaidia nini akiwa peke yake mbele ya muuzaji mwenye ulimi wa asali? Nasema wazi kuwa gulio lolote ambalo mkaguzi hulipitia mara moja kwa mwaka, na siku yake ikajulikana kabla, halikukaguliwa.

Yapo majibu mawili ambayo hutolewa dhidi yangu, nami sitaki kuyakwepa.

La kwanza husema: shingo ni ya mwenyewe, naye ana hiari nayo. Kweli. Simnyimi mtu hiari yake, na mwanamke mzima hahitaji ruhusa yangu kujipaka chochote. Lakini hiari ni tunda la kujua. Anayenunua kichupa kisicho na maandishi, kwa hofu aliyotiwa na kicheko cha watu, hakuchagua. Alisukumwa, kisha akaambiwa kuwa alitembea. Mpeni kwanza habari kamili, muondoleeni dhihaka, ndipo muite hiari. Ipo dawa itokanayo na vitamini A, ambayo matabibu wa ngozi huiandika. Hupunguza mikunjo kidogo, kwa kungoja miezi, wala haifai kwa mjamzito. Atakaye hiyo na aende kwa tabibu, simzuii. Nachozuia ni uongo.

La pili husema: hata bibi zetu walijipamba. Naam, walijipamba, na laiti tungeendelea kujipamba kama wao! Pwani walisugua liwa na manjano, walijifukiza udi. Nasi bara tulijipaka mafuta mpaka ngozi ikameremeta. Mikunjo myororo ya shingo ilisifiwa kama pambo, na msichana aliyekuwa nayo alijua kuwa anayo. Lakini pambo na mkorogo ni vitu viwili mbalimbali. Pambo humwambia mtu, "U mzuri, ongeza furaha." Mkorogo humwambia, "U mbaya, jifiche." La kwanza huvuliwa jioni, na mwili ukabaki salama, la pili huingia damuni.

Wala haliishii katika damu ya mmoja. Sabuni na mafuta yenye zebaki yakioshwa huteremka na maji. Zebaki ikiingia katika ziwa hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ikapanda kutoka samaki mdogo kwenda kwa mkubwa, na mwisho kwenda mezani. Mji wa Minamata huko Japani ulijulikana ulimwenguni kwa msiba wa namna hiyo tangu mwaka 1956, ingawa zebaki yake ilitoka kiwandani. Na mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 ukachukua jina la mji huo. Mwaka 2023 wanachama wake walikubaliana kuwa kufikia mwaka 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viachwe kutengenezwa na kuuzwa. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Shire kule kusini. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuvukizwa na jua, na zebaki haiendi na mvuke huo kama maji yaendavyo. Sisi watu wa Chiwanda tunaishi kwa dagaa. Hatuna haki ya kutia ziwani kitu ambacho hatungekitia chunguni.

Sasa nageukia wanaume wenzangu, maana kesi hii imefunguliwa pasipo sisi kutajwa. Nani aliyeuza aibu ya kwanza bila ya kulipwa? Sisi wenye matumbo yaliyotangulia miguu mlangoni, wenye vipara ving'aavyo kama sahani, ndio tunaokaa barazani na kupima shingo za mama zetu na dada zetu kwa macho. Mvi za mwanamume huitwa busara. Mikunjo ya mwanamke huitwa hasara. Mwenye kapu hupita nyuma yetu akivuna tulichopanda. Tukimpeleka yeye tu mahakamani, tumemshika mchukuzi wa mali ya wizi na kumwacha mwizi.

Nadai mambo manne, wala si makubwa. Wakaguzi wafike magulioni bila ya hodi, mpaka huku mwambao. Zahanati imweleze kila mama, kwa Kiswahili chepesi, kuwa mafuta yasiyo na maandishi ni sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kuwa aliyekwisha kuyazoea asiyaache kwa siku moja bila ya kumwona tabibu. Atakaye kuitunza shingo yake aifunike kwa khanga na kivuli wakati wa jua kali, na aipake mafuta yanayojulikana. Haya ni rahisi, na yana faida kuliko vichupa vyote vya gengeni. Na sisi tuzuie ndimi zetu.

Arusi nyingine imekaribia nyumbani. Dada yangu amesema atakuja, akiwa na kitambaa chake shingoni. Nimekwisha kuomba kuwa nisimame mbele ya watu wale wale niliowachekesha, niseme ni shingo ya nani iliyonipeleka shule. Sijui kama hilo litamfanya akivue kitambaa; hilo ni lake. La kwangu ni kusema.