Mafuta sawa, lakini tuanze na msuko

Asante kwa makala kuhusu mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi nami nayapenda, kwani hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Lakini hayaoteshi nywele mahali zilipong'oka. Kilichosahaulika hapa ni msuko unaobana. Nilisuka rasta ndogondogo miaka mingi mfululizo, nafumua leo, kesho nimesuka tena. Usiku wa kwanza silali kwa maumivu, vipele vinatoka kando ya paji la uso, nami naambiwa nitazoea. Nywele za mbele zikaisha. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba mizizi imevutwa mno: ukiwahi kuacha, nywele hurudi, ukichelewa, mizizi hugeuka kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Nikahamia mabutu na twende kilioni ya kulegea, nachana kwa chanuo la meno mapana nywele zikiwa na unyevu, nalala na kitambaa cha satini. Nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kwa hiyo tofauti niliiona baada ya karibu mwaka mzima.

Kina mama mliojifungua, nywele kupukutika kwa wingi miezi michache baadaye ni kawaida, zitarudi. Zikizidi kupukutika, kapimeni damu, hasa madini ya chuma, kabla ya kununua chupa nyingine ya mafuta. Na wasusi wetu, nawaomba sana: mtoto akilia mnapomsuka, huyo si mkorofi, anaumia. Legezeni.